Mtoto, Saa na Moto wa Msituni: Jinsi Sehemu ya Kwanza ya Ben 10 Inavyomzaa Shujaa

Jambo la kwanza kubwa analolifanya Ben Tennyson baada ya kupata nguvu za ajabu ni kuchoma msitu. Hakukusudia. Ana miaka 10, mwili wake umegeuka ghafla kuwa jitu la mwamba unaowaka, na kama mtoto yeyote aliyepewa kitu kipya anataka kujua kinafanya nini. Anarusha mpira wa moto huku, anarusha mwingine kule, anafurahi, na mara miti imeshika. Anajaribu kuuzima kwa kuukanyaga, kwa miguu ambayo yenyewe ni moto.

Hapo ndipo katuni ya Ben 10 inapoanzia, na watoto wengi waliokua mbele ya televisheni miaka ya 2000 wanaikumbuka sehemu hiyo ya kwanza kuliko zote zilizofuata. Watu wazima huipita wakidhani ni makelele ya roboti na miale. Mimi naiona kuwa kazi iliyofumwa kwa ustadi mkubwa, na ninataka kuifumua uzi kwa uzi. Swali lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana: unampaje mtoto nguvu za kubomoa jengo, ndani ya dakika 22, na bado mtazamaji akamwamini, akamwogopea na akampenda?

Kwanza kisa chenyewe, kwa ajili ya wasiokijua. Sehemu hii ilirushwa Marekani tarehe 27 Desemba 2005 kwenye Cartoon Network. Walioibuni ni waandishi wanne wa vitabu vya picha, Duncan Rouleau, Joe Casey, Joe Kelly na Steven T. Seagle, wanaofanya kazi pamoja kwa jina la Man of Action. Inaanzia angani. Chombo kimoja kinashambuliwa na kingine, na jitu liitwalo Vilgax linakitafuta kifaa fulani. Kisha tunashushwa darasani, siku ya mwisho kabla ya likizo ndefu. Ben anataka kumtetea mtoto anayeonewa, lakini hana ubavu, na wababe wa shule wanaishia kumtundika mtini kwa chupi yake. Babu Max anafika na gari lake kubwa lenye vitanda na jiko ndani, anamchukua, na safari ya likizo inaanza. Ndani ya gari Ben anamkuta Gwen, binti wa ndugu wa baba yake. Wenzetu wa huko wana neno maalumu la kuwatenga watoto wa namna hiyo na ndugu wa tumbo moja. Kwetu hawa ni kaka na dada, basi, na ugomvi wao usiokwisha ni wa kaka na dada hasa.

Usiku, kambini, Ben anajitenga kwa hasira na kutembea msituni peke yake. Kitu kinaanguka kutoka mbinguni. Anakisogelea, kinafunguka, na ndani mna kitu kama saa ya mkononi. Ananyoosha mkono, nayo inamrukia na kujifunga. Haitoki. Hiyo ndiyo Omnitrix, na ndani yake mna mbegu za uhai za viumbe 10 wa sayari nyingine, ambao anaweza kugeuka mmoja baada ya mwingine.

Sasa angalia tatizo lililomkabili mwandishi. Shujaa asiyeshindwa na chochote hana hadithi. Watunzi wetu wa pwani walilijua hilo karne nyingi kabla ya televisheni. Fumo Liyongo hapenywi na mkuki wala mshale, hata mfalme wa Pate anakosa usingizi kwa ajili yake, lakini ipo sindano ya shaba na kipo kitovu. Ondoa sindano ile, na Liyongo anabaki mtu mrefu mwenye nguvu anayepita njiani bila jambo la kusimuliwa. Udhaifu ndio mlango wa kuingilia hadithi.

Waliomtunga Ben hawakumpa udhaifu mwilini. Waliuweka ndani ya saa, tena kwa namna ambayo mtoto anaielewa bila kuelezwa. Nguvu zinadumu kama dakika 10, kisha saa inalia, taa yake inageuka nyekundu, na Ben anarudi kuwa mvulana wa miaka 10, popote alipo, hata kama adui amesimama mbele yake. Akitaka tena, angoje hadi saa ijijaze. Kwa mwandishi huu ni msaada mkubwa mno: kila pambano linapata mwisho wake wa lazima, na mtazamaji anahesabu dakika pamoja na shujaa. Lakini naona kuna jambo zito zaidi. Uwezo wa kuazimwa ndiyo hali halisi ya utoto. Mtoto anapewa simu ya mama kwa muda, baiskeli ya kaka kwa mzunguko mmoja, rimoti hadi baba atakaporudi, na kila mara wakati wa kurudisha unafika mchezo ukiwa umenoga. Ben ana nguvu kwa masharti yaleyale. Mtoto anayemtazama hahitaji kufafanuliwa kwa nini taa nyekundu inatisha.

Sharti la pili ni kwamba Ben hajui anachokifanya. Saa haikuja na maelezo. Anazungusha kizingio chake, anakibonyeza, na mwili unaotokea ndio huo atakaoutumia. Mara ya pili, roboti zilizotumwa na Vilgax zinapomwinda, anatokea kuwa mnyama mkubwa asiye na macho, anayetembea kwa miguu minne na kuitambua dunia kwa kunusa na kuhisi. Hawezi hata kusema. Basi anajifunza akiwa katikati ya hatari, na sisi tunajifunza pamoja naye. Mwandishi mvivu angemleta mzee wa kueleza kila kitu kwa hotuba. Hapa hotuba haipo. Zaidi ya hapo, sisi tuliona vita ya angani mwanzoni na tunajua Vilgax anaitafuta saa, Ben hajui. Kila anapocheka na mchezo wake mpya, sisi tunajua kinachokuja. Kicheko chake kinatutia wasiwasi, na wasiwasi huo umepatikana kwa onyesho moja fupi.

Tukifika hapa turudi kwenye moto, kwa sababu nauona kuwa ndio moyo wa sehemu nzima.

Hadithi za watoto wanaogeuka mashujaa ni nyingi, na ukizisoma kwa kufuata swali moja unaanza kuona zinavyotofautiana: mtoto anafanya uamuzi wake wa maana kabla ya kupewa nguvu, au baada? Mwaka 1940 Wamarekani walimpata Billy Batson, yatima anayeuza magazeti na kulala kituo cha treni. Anatamka neno Shazam na kugeuka mtu mzima mwenye nguvu. Yeye amechaguliwa kwa sababu moyo wake tayari ni safi. Wema umetangulia, nguvu ni tuzo. Agosti 1962 akaja Peter Parker, kijana wa shule aliyeumwa na buibui. Huyu anapata nguvu kwanza, anazitumia kujitafutia fedha, anamwacha mwizi apite mbele yake kwa kuwa si kazi yake kumkamata, na mwizi huyohuyo anamuua mjomba aliyemlea. Uamuzi wa haki unakuja, lakini umechelewa, na maisha yake yote anayalipia yale mapumziko ya dakika moja.

Ben amewekwa mahali pa katikati. Nguvu zimetangulia kama kwa Peter, kosa limefuata kama kwa Peter, lakini kosa hili bado linarekebishika. Mtunzi wa watoto wa miaka 7 au 8 hawezi kuwaulia babu katika sehemu ya kwanza. Anaweza kuwachomea msitu. Kosa ni kubwa kiasi cha kumfanya mtoto ashike mdomo, na bado lipo ndani ya uwezo wa mkono uliolifanya.

Na tazama linavyorekebishwa. Babu Max ndiye anayetoa wazo: Ben awashe moto mwingine, uende ukutane na ule wa kwanza, ili yote miwili izimane. Ukilitazama haraka utadhani ni uchawi wa katuni. Ni mbinu ya kweli kabisa, na wakulima na askari wa misitu wanaoishi na moto wa nyika wanaijua. Moto unaishi kwa vitu vitatu: kitu cha kuunguza, hewa na joto. Ukiwasha moto mdogo mbele ya mkubwa, huo mdogo unakula majani na magogo ambayo mkubwa ulikuwa unayafuata. Tena moto mkubwa unavuta hewa kuuelekea, hivyo ule mdogo ukiwashwa mahali panapofaa unavutwa kwenda kukutana nao. Inapokutana hapana tena kilichobaki cha kuungua. Ni mbinu ya hatari, inayotaka mtu anayejua upepo, na ndiyo maana inatoka kinywani mwa babu na si mwa mtoto.

Kwa hiyo kitendo cha kwanza cha kishujaa cha Ben kinafanywa kwa nguvu ileile iliyoleta maafa, kwa mkono uleule, kufuata neno la mzee wake. Hakuna adui katika tukio hilo. Roboti bado hazijafika kupigana naye. Mtoto anajifunza kwanza kusafisha alichochafua, kisha ndipo anaruhusiwa kupigana. Mpangilio huo ungegeuzwa, roboti zikaja kwanza na moto baadaye, kisa kingekuwa kilekile lakini mvulana angekuwa mwingine.

Kuna mfano mwingine ninaouheshimu sana, nao unajibu swali lilelile kwa upande wa pili. Tarehe 23 Septemba 2000 ilirushwa sehemu ya kwanza ya Static Shock, inayomhusu Virgil Hawkins, kijana Mmarekani mweusi katika mji wa kubuni uitwao Dakota. Virgil anaonewa na mbabe wa shule, na kiongozi wa genge moja anamtetea, kisha anamdai fadhila: aje bandarini usiku ambapo magenge yatapigana. Anafika, anakabidhiwa bunduki. Anaitazama, na anaitupa majini. Baada ya hapo tu ndipo polisi wanapotokea, kemikali zinalipuka, na gesi inawabadilisha waliokuwepo. Virgil anaamka kesho yake akiwa na nguvu za umeme. Kwake uamuzi umetangulia. Alipokuwa mnyonge kabisa, mwenye kila sababu ya kuikamata ile bunduki, aliiacha. Baadaye tunafahamu kwamba mama yake aliuawa kwa risasi, na kile kitendo cha bandarini kinazidi uzito.

Hata jina lake lina historia. Waanzilishi wa Milestone, kampuni ya vitabu vya picha iliyomzaa mhusika huyu mwaka 1993, walimwita kwa jina la Virgil D. Hawkins, Mmarekani mweusi aliyeomba nafasi ya kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1949, akakataliwa kwa rangi yake, na akaipigania kesi hiyo miaka mingi mahakamani. Mmoja wa waanzilishi hao, Dwayne McDuffie, ndiye aliyekuja kusimamia uandishi wa mfululizo uliomwendeleza Ben akiwa kijana wa miaka 15. Alifariki mwaka 2011. Ninapenda kujua kwamba mtu aliyeshiriki kumwanzisha Virgil alipewa pia jukumu la kumkuza Ben.

Upande wetu, mwaka 2021 kampuni ya Kukua ilitoa Super Sema, katuni yenye mizizi Kenya, ambayo Lupita Nyong'o aliiwekea sauti na kuwa mmoja wa wazalishaji wake. Msichana Sema anakilinda kijiji cha Dunia dhidi ya roboti dhalimu aitwaye Tobor, akishirikiana na pacha wake MB, na silaha yake ni ubunifu na sayansi. Hapo swali la kabla au baada linayeyuka, kwa sababu hakuna nguvu iliyoanguka kutoka angani. Umebaki uamuzi peke yake.

Sasa niseme kidogo juu ya ufundi na biashara, maana mambo mengi tunayodhani ni ya kisanaa yameamuliwa na bajeti. Picha inayotembea huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Katuni ya televisheni kwa kawaida hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, maana yake michoro 12 kwa sekunde. Dakika 22 ni sekunde 1,320. Ukizidisha unapata michoro 15,840, ingawa wachoraji hupunguza sana idadi hiyo kwa kuuacha mwili umetulia na kusogeza mdomo tu. Ndiyo sababu onyesho la kugeuka, lile ambalo Ben anapiga saa na ngozi yake inaanza kubadilika, linarudi karibu vilevile sehemu baada ya sehemu. Limechorwa mara moja kwa uangalifu, likatumika mara nyingi. Wajapani walikwisha kuifanya mbinu hii kuwa sanaa katika katuni zao za wasichana wenye nguvu za ajabu. Na cha kushangaza ni kwamba mtoto hachoki nalo. Analisubiri, kama anavyosubiri kiitikio cha hadithi ya bibi.

Sauti ya Ben nayo ni ya mwanamke, Tara Strong. Sababu ni rahisi: mvulana halisi wa miaka 10 sauti yake ingevunjika kabla mfululizo haujafika mbali, na mhusika asiyekua angeamka siku moja na besi. Mwigizaji mtu mzima anaweza kuishika sauti ileile miaka mingi.

Roboti je? Kwa nini maadui wa sehemu ya kwanza ni mashine? Vituo vya Marekani vina watu wanaokagua kila kipindi cha watoto, na vurugu dhidi ya mwili wa mtu hubanwa sana. Roboti unaweza kuipasua katikati mchana kweupe. Ben anapogeuka mara ya tatu, akiwa jitu la fuwele ngumu, analirudishia roboti kubwa miale yake yenyewe hadi linakatika. Angekuwa mtu, onyesho hilo lisingerushwa kamwe.

Na wanasesere, ndiyo. Viumbe 10 ni wanasesere 10 dukani, na saa ni kitu ambacho mtoto anaweza kukivaa mkononi na kuingia nacho mchezoni. Kampuni ya wanasesere ya Bandai ilivitengeneza na kuviuza kwa wingi. Wapo wanaosema hilo linaharibu hadithi yote. Sikubaliani nao. Biashara ilitaka kifaa cha kuvaliwa, na hadithi ilitaka nguvu isiyokuwa sehemu ya mwili wa Ben. Safari hii mahitaji mawili yakakutana. Mzazi ana haki ya kujua kwamba anauziwa kitu, na pia ana haki ya kujua kwamba mwanawe hakudanganywa alipoipenda saa ile.

Vijana wa Tanzania humwita mhusika mkuu wa filamu steringi, na wana imani kwamba steringi hafi. Kinachonivutia katika sehemu hii ni jinsi steringi anavyookolewa na wengine. Akiwa Heatblast, lile jitu la moto, Gwen anamkuta na kumkabili kwa mtungi wa kuzimia moto kwa kudhani ni zimwi, kisha ugomvi wao wa kila siku ndio unaomtambulisha. Baadaye dakika zake zinakwisha roboti ikiwa bado hai mbele yake, na Gwen ndiye anayetokea na koleo na kuiponda. Hana saa, hana nguvu, ana koleo tu na hasira ya dada. Dakika chache zilizopita walikuwa hawasemezani vizuri. Babu Max naye anasimama pale bila kushtuka kama inavyotarajiwa kwa mzee aliyemwona mjukuu wake akiwaka, na mtazamaji mwerevu anaanza kujiuliza huyu mzee alikuwa nani zamani. Jibu linakuja polepole katika sehemu zinazofuata.

Saa haikutoka mkononi, roboti zimeharibiwa, na asubuhi inafika. Familia inafungasha kuondoka. Kuna mahema ya kukunja na vyombo vya kupakia. Ben anaibonyeza Omnitrix kwa mara nyingine, anatokea kuwa kiumbe chembamba chenye mbio zisizoshikika, na kwa kufumba na kufumbua kambi nzima imekwisha kupakiwa garini.